Nani Anakesha Kulinda Taarifa Zetu?



Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa kutoka nje anayekuja Zanzibar hana budi kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na anaikata mtandaoni kabla hajapanda ndege. Anaandika jina lake, namba ya pasi na siku ya kufika, kisha anaingiza namba za kadi yake ya benki. Mwaka huo wa 2024 watalii waliofika kwetu walipita laki saba. Hebu piga hesabu mwenyewe ni pasi ngapi na kadi ngapi zinazopita katika mfumo mmoja kwa mwaka mmoja.

Mgeni akiumwa au akipotelewa na mzigo, bima ipo. Mimi leo nataka tumzungumze mtu mwingine kabisa, yule anayepaswa kukaa mbele ya kompyuta saa nane za usiku, akitazama kama kuna mkono usio na ruhusa unaopapasa mlango wa mifumo yetu. Mtu huyo tutampata wapi? Na kwa nini kijana wa Kikwajuni au wa Makunduchi aliyemaliza shahada ya kompyuta anakaa nyumbani, ilhali waajiri wanasema kila siku kwamba watu wa kazi hiyo hawapatikani?

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wazazi wengi wanasomesha watoto "kompyuta" bila ya kujua kwamba soko limeshahama.

Zamani mtu wa TEHAMA ofisini alikuwa mtu wa kila kitu. Printa imekwama, aitwe yeye. Bosi kasahau neno la siri, aitwe yeye. Mtandao umekata, ndiye anayepanda juu ya paa. Kazi hiyo bado ipo, lakini mishahara ya maana imekwenda kwingine. Benki, kampuni za simu, mashirika ya afya na hoteli kubwa sasa zinatafuta watu wa kazi mahususi. Anayechambua kumbukumbu za mfumo usiku na mchana ili kugundua uvamizi. Anayelipwa kujaribu kuvunja mfumo kwa idhini ya mwenyewe, ili tundu lijulikane kabla mwizi hajaliona. Anayejua sheria, kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwamba kuna tume inayoweza kukuuliza taarifa za mteja ulizihifadhi vipi. Na yupo mhandisi wa wingu.

Huyu wa mwisho nataka nimweleze vizuri. Ofisi nyingi zilizokuwa na seva zake ndani ya chumba chenye kiyoyozi zimeacha. Zinakodi nafasi katika kompyuta za Microsoft, Amazon au Google, na mashine zenyewe ziko mbali; hilo ndilo linaloitwa wingu. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Mwenye hoteli Kiwengwa anaweza kuwa na majina ya wageni wake wote katika jengo ambalo hatalikanyaga maisha yake. Ni nafuu, na kwa mambo mengi ni salama kuliko ile seva iliyowekwa chini ya ngazi. Lakini wengi hawajui kwamba ulinzi umegawanywa sehemu mbili. Mwenye kituo analinda jengo, umeme na mashine. Aliyekodi ndiye anayeamua nani aone faili gani, na akikosea, kosa ni lake. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilivujiwa taarifa za watu wapatao milioni 100 wa nchi ile. Mifumo yake ilikuwa kwenye wingu la Amazon, na aliyeingia alipitia ukuta wa ulinzi ambao benki yenyewe haikuupanga sawasawa. Benki yenye fedha zote zile na wahandisi wote wale. Sisi hapa hoteli ya vyumba ishirini Jambiani inamwachia kazi hiyo mtoto wa ndugu aliyekuja kufunga wi-fi.

Sisemi haya kutisha watu. Nayasema kwa sababu majirani zetu yameshawafika.

Julai 2023 Kenya ilipigwa kwenye eCitizen, jukwaa lenye huduma za serikali zaidi ya 5,000. Kundi lililojiita Anonymous Sudan liliufurisha mfumo kwa maombi ya uongo hadi ukalemewa. Watu walishindwa kukata tiketi za treni, wengine kununua umeme kwa simu, na serikali ikabidi iwape wageni viza pale pale uwanja wa ndege kwa sababu ya mtandaoni haikupatikana. Uganda Oktoba 2020 wezi waliingia katika kampuni inayounganisha benki na fedha za simu, na miamala ya Stanbic, MTN na Airtel ikasimama kwa muda. Novemba 2024 waziri wa Uganda alikiri Bungeni kwamba akaunti za Benki Kuu ziliingiliwa, na mwaka uliofuata maofisa wa Wizara ya Fedha wakafikishwa mahakamani. Kesi ni kesi, mahakama ndiyo itakayosema nani mkosa. Lakini mlinzi wa mtandao si lazima awe anamlinda mtu na mgeni wa mbali. Mara nyingine hatari imekaa ofisi ya pili.

Na kwa sababu sisi ni kisiwa cha hoteli, nikutajie na kampuni ya hoteli ya MGM ya Las Vegas, Septemba 2023. Kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa, wahalifu walipiga simu tu kwenye dawati la msaada, wakajifanya mfanyakazi aliyepoteza namna ya kuingia kwenye akaunti yake. Wakasaidiwa. Funguo za kielektroniki za vyumba zikagoma, mashine za kuandikisha wageni zikazimika, na kampuni ikakadiria hasara ya dola milioni 100. Sisi ujanja huo tunaujua, msikilizaji. Nani hapa hajawahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Ni ulaghai ule ule, ila mlengwa amebadilika. Sasa barua pepe za hadaa zinazojifanya Booking.com zinatumwa kwa wafanyakazi wa mapokezi wa hoteli, dunia nzima, ili waibiwe neno la siri na kisha wageni waombwe fedha kwa jina la hoteli.

Basi hitaji lipo. Shirika la ISC2, ambalo ni chama cha kimataifa cha wataalamu wa usalama wa mtandao, lilikadiria mwaka 2024 kwamba dunia ina upungufu wa watu karibu milioni 4.8 katika kazi hii. Idadi hii utaisikia sana kwa wanaouza kozi. Watakwambia: lipa, miezi mitatu, kazi inakungoja. Tafadhali usiwasikilize kabla hujasikia upande wa pili. Utafiti huo huo ulionesha kwamba idadi ya watu walioajiriwa ilikuwa karibu pale pale ilipokuwa mwaka uliotangulia, na sababu ya kwanza waliyoitaja waajiri wenye upungufu ilikuwa ni ukosefu wa bajeti. Yaani wanahitaji watu, lakini hawajawatengea fedha, na wakizitenga wanataka mtu aliyekwisha kuiva.

Hapo ndipo ilipo shida ya kijana wetu. Cheti cha CISSP, ambacho matangazo mengi yanakitaja, kwa kawaida hukipati kamili bila ya uzoefu wa kazi wa miaka mitano. Mtihani wake ni dola 749. Wa Cisco wa CCNA ni dola 300, na wa msanifu wa wingu wa Amazon, ngazi ya chini, ni dola 150. Unamwambia kijana wa Kwahani alete uzoefu wa miaka mitano katika kisiwa ambacho wenye vitengo vya usalama wa mtandao vinavyofanya kazi usiku na mchana unaweza kuwahesabu bila kuchoka. Aupate wapi? Matokeo yake mwajiri anapiga simu Nairobi, au Dar es Salaam, au anakodi kampuni ya India, na baada ya mwaka anasema Wazanzibari hawana ujuzi.

Mimi hili linaniuma, nalisema wazi. Linaniuma kwa sababu kisiwa hiki hakijachelewa kufikiwa na waya. Ukipita Shangani, uwanja wa Kelele, lile jengo la hoteli ya Serena lilikuwa Extelecoms, nyumba ya simu za nje. Waya wa simu ya maandishi kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, zama za Seyyid Barghash, na ukaendelea kusini hadi Durban. Kampuni ilikuwa Eastern and South African Telegraph, ya kundi la Eastern Telegraph, makao yake London. Habari za bei ya karafuu na za vita zilipita hapa Mji Mkongwe, lakini waya wenyewe ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa London. Miaka zaidi ya 140 baadaye nyaya ni za mwanga na zinabeba picha na fedha, na mimi sitaki tubaki kuwa mahali zinapopita tu.

Tena kuna jambo ambalo mhandisi wa wingu aliyezaliwa Unguja analielewa kuliko yeyote atakayetoka nje. Sisi tunajua kukatikiwa. Desemba 2009 umeme unaotoka Bara kwa njia ya bahari, unaotokea nchi kavu Fumba, ulizimika, na kisiwa kizima kilikaa gizani karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mwaka 2008 kilikwisha kukaa karibu mwezi mmoja. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013. Waliokuwepo wanakumbuka majenereta Darajani, maji ya kubeba kwa madumu, hoteli zilizofunga. Na mtandao nao: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kompyuta za wingu zilikuwa nzima kabisa kule zilipo. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyokosekana.

Anayejenga mfumo wa hospitali au wa bandari hapa lazima aulize swali ambalo vitabu vya Marekani havilipi uzito: waya ukikatika leo mchana, muuguzi wa Kivunge ataendeleaje? Mradi wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wa jamii wanapita nyumba kwa nyumba na simu za mkononi wakiandika taarifa za mama wajawazito na watoto, Unguja na Pemba, unategemea programu zinazoweza kufanya kazi bila mtandao na kupeleka taarifa baadaye. Kubuni kitu kama hicho, na kukilinda, maana simu ikiibiwa siri za mama zisiibiwe, ni utaalamu. Ni utaalamu wa mahali, na mtu aliyeupata hapa anaweza kuuza ujuzi wake Mafia, Comoro na Ushelisheli.

Serikali haikukaa kimya, na haki yake tuitaje. Ipo eGAZ, taasisi ya Serikali Mtandao. Mwaka 2022 ilizinduliwa Silicon Zanzibar, kuvutia kampuni za teknolojia zije kukaa hapa, Fumba ikiwa kitovu, na mvuto wake mkubwa ulikuwa kurahisisha vibali vya wataalamu wa kigeni. Novemba 2023 Rais Mwinyi alifungua tawi la IIT Madras Bweleo, la kwanza la vyuo vya teknolojia vya India viitwavyo IIT kufunguliwa nje ya nchi yao, kwa masomo ya sayansi ya data na akili bandia. Chuo kikuu cha SUZA kinafundisha kompyuta. Taasisi ya Karume kule Mbweni inafundisha ufundi.

Lakini mgeni mtaalamu akija na kibali kikapatikana upesi, ni sharti gani alilopewa la kumfundisha kijana mmoja? Mimi nisingemzuia mgeni. Zanzibar ya kuzuia wageni si Zanzibar. Ningetaka kila kibali cha aina hiyo kiambatane na jina la Mzanzibari atakayekaa naye meza moja kwa mwaka mzima, na mwaka ukiisha aulizwe: huyu anaweza nini leo ambacho hakukiweza mwaka jana?

Kwa udaktari tumeshafahamu. Kijana akitoka chuo cha udaktari hapewi mgonjwa peke yake, na wala hafukuzwi mlangoni aambiwe akatafute uzoefu kwanza. Anakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, anakaa chini ya mkubwa wake, anakesha, anakosea akiwa anatazamwa. Mlinzi wa mtandao naye hawezi kuiva kwa video. Lazima aione kengele ya kweli ikilia, na pembeni yake awepo aliyeisikia mara mia.

Kenya wamelijaribu jambo hili kwa mpango unaoitwa Cyber Shujaa. Chuo Kikuu cha USIU, kampuni ya Serianu na Chama cha Mabenki walikaa pamoja, kwa lengo la kuwafundisha vijana wapatao 2,000 na kuwaunganisha na kazi. Kinachonivutia mimi ni kwamba mabenki yalikuwa ndani tangu mwanzo. Hawa ndio wanaoibiwa, ndio wanaoajiri, basi ndio waseme wanataka mtu anayejua nini.

Kwetu nafasi ya mabenki ingechukuliwa na hoteli. Hoteli moja haiwezi kuajiri kikosi cha kukesha. Hoteli thelathini zinaweza. Zikichanga, pamoja na benki ya PBZ na Shirika la Bima, chumba kimoja hapa mjini chenye watu wazima watatu wenye ujuzi, na chini yao vijana kumi na tano wanaopokezana zamu, kitalinda pwani yote kuanzia Nungwi hadi Kizimkazi. Kila mwaka vijana hao wanatoka wakiwa na uzoefu ulioandikwa, na wengine wanaingia. Gharama yake kwa hoteli moja huenda ikawa ndogo kuliko inayotumika kupiga picha za matangazo. Nimelisema hili barazani zaidi ya mara moja, na jibu ninalopewa ni kwamba wenye hoteli hawaelewani. Wanaelewana vizuri sana panapokuwa na kodi mpya.

Lipo pia soko la nje, na hapa natazama upande wa kaskazini. Agosti 2012 kirusi cha Shamoon kilifuta kompyuta zipatazo 30,000 za Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia. Tangu hapo nchi za Ghuba hazijaacha kutumia fedha katika ulinzi wa mtandao. Oman ni mwenyeji wa kituo cha usalama wa mtandao cha nchi za Kiarabu, chini ya Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, tangu 2013. Saa ya Riyadh ni saa yetu. Muscat imetutangulia saa moja tu. Wangapi miongoni mwetu wana shangazi au ami Muscat? Na watoto wangapi hapa kwetu wanasoma Kiarabu tangu wakiwa wadogo? Kijana wa hapa anayesoma kumbukumbu za mfumo kwa Kiingereza, akaandika ripoti kwa Kiarabu, akazungumza Kiswahili na mteja wa Mombasa, ana kitu ambacho mwenzake wa Bengaluru hana. Lakini Kiarabu cha kusoma kitabu hakitoshi kuandikia ripoti ya kazi, kwa hiyo walimu wa lugha nao wana kazi katika hili.

Mabinti nao nisiwasahau. Kazi hii ya kutazama mifumo inaweza kufanywa kutoka nyumbani, umeme na mtandao vikiwepo, na nyumba za Mji Mkongwe zina wasichana wengi waliosoma ambao familia hazitaki wafanye kazi za usiku hotelini. Mzazi unayenisikiliza, binti yako akikwambia ana zamu ya saa sita za usiku mbele ya kompyuta yake chumbani, huyo yuko kazini. Mpe meza, mpe utulivu, na usimtume dukani katikati ya zamu.

Barua nyingi mnazoniandikia zinauliza: nianze wapi? Kabla ya cheti chochote, jifunze mitandao inavyofanya kazi, taarifa inatokaje kompyuta hii hadi ile. Jifunze Linux, maana seva nyingi za wingu zinaendeshwa nayo, na ni ya bure. Jifunze kuandika programu ndogo kwa Python. Kampuni za wingu zinatoa akaunti za kujaribia bila malipo, fungua moja, jenga kitu, kivunje, kijenge tena, na andika ulichokifanya. Mafunzo ya Cisco mtandaoni mengi ni ya bure. ISC2 nao tangu 2022 wamekuwa na mpango wa mafunzo na mtihani wa bure wa cheti cha mwanzo, ulizia kama nafasi bado zipo. Na usijaribu ujuzi wako katika mfumo wa mtu bila idhini yake ya maandishi, hata kwa nia njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku kwetu, na kwa kazi ya ulinzi jina likishachafuka hakuna atakayekupa ufunguo.

Na wewe unayeandika tangazo la kazi wiki hii, katika wizara, benki au hoteli, kabla hujalipeleka kwenye mfumo wa ajira wa ZanAjira au gazetini, lisome tena pale palipoandikwa uzoefu wa miaka mitano. Kama nafasi ni mbili, ya kwanza iache hivyo. Ya pili andika: asiye na uzoefu, atafundishwa na wa kwanza.